Kiingereza Chenye Sauti ya Pwani Kina Kosa Gani?

Mpwa wangu wa kike alirudi kutoka Nairobi siku ya Ijumaa, jua likielekea kuchwa, akapita moja kwa moja hadi chumbani kwa mamake bila ya kuwaamkia wazee waliokuwa barazani. Kwa binti aliyelelewa katika Mji wa Kale hapa Mombasa, kupita wazee bila ya kuwapa masalkheri ni jambo la kushtusha. Nikajua pana neno.

Alikuwa amekwenda kutafuta kazi katika kampuni moja ambayo sitaitaja, inayoajiri vijana wa kupokea simu za wateja wa ng'ambo. Vyeti anavyo. Kiingereza amekisoma tangu utotoni, na barua anayoiandika yeye mimi mjomba wake siiwezi. Aliulizwa maswali akajibu, akapewa karatasi aisome kwa sauti akaisoma. Mwisho wake yule mwulizaji, kijana mwenziwe na Mkenya mwenziwe, alitabasamu akamwambia kwamba Kiingereza chake hakina kosa la sarufi hata moja, ila kina "Uswahili mwingi", na wateja hawatakipenda. Basi, mahojiano yakaishia hapo.

"Mjomba," aliniuliza usiku baada ya Isha, macho yamemvimba, "huo Uswahili niutoe vipi, na nikishautoa niuweke wapi?"

Sikuwa na jibu. Kwa wiki mbili alilitafuta mwenyewe. Alijifungia chumbani na simu yake ya mkononi, akiwasikiliza Wamarekani na kuwaigiza. Bibi yake, ambaye Kiingereza chake hakizidi maneno mawili matatu, alimsikia nyuma ya mlango akaniuliza kwa huruma kama mtoto ameshikwa na mafua. Tulicheka sote nyumbani, na binti akacheka pia, lakini niliona kicheko chake hakikufika machoni. Suala lake nimekuwa nikilizungusha kichwani tangu siku hiyo, na leo nataka kuliweka mbele yako, ndugu msomaji, maana sidhani kama ni lake peke yake.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu wetu huyachanganya kama mchele na chuya. Kuna kosa na kuna lafudhi. Mtu akilieleza jambo la jana kwa kitenzi cha kesho, au akaandika neno asilolijua maana, huyo amekosea na yapasa afundishwe. Lakini lafudhi ni mwendo wa ulimi tu, na kama vile hakuna atembeaye bila ya kuwa na mwendo wake, hakuna asemaye bila ya lafudhi. Mwenye kudai kwamba yeye hana lafudhi maana yake ni kwamba amezoea kukaa na watu wanaosema kama yeye.

Sisi Wapwani tunaposema Kiingereza tunajulikana, na hilo sikatai. Kiswahili kina irabu tano, Kiingereza kina nyingi zaidi, basi sauti mbili au tatu za Mwingereza kwetu hulazimika kulala kitanda kimoja. Neno lao la meli na neno lao la kondoo kinywani mwetu hutoka sawasawa. Na katika mji wenye bandari na wenye kupenda biriani, hilo si jambo dogo. Tena hatupendi konsonanti zilizobanana, kwa hiyo tunazipenyezea irabu ili zipate kupumua. Mpwani asiyejihadhari humaliza neno la Kiingereza kwa irabu ambayo mwenyewe Mwingereza hakuiweka.

Lakini liko jambo jingine ambalo wachekaji hawalisemi. Sauti zile mbili za Kiingereza zinazowashinda Wafaransa, Wajerumani na wengi wa ndugu zetu wa bara, ambao hulisema neno la "fikiri" likawa kama neno la "zama majini", sisi hazitushindi. Tunazo katika "thelathini" na "dhahabu". Nani alitufundisha? Si mwalimu wa Kiingereza. Ni yule mwalimu wa chuoni aliyekuwa na bakora yake, ambaye hakumruhusu mtoto apindue jani la msahafu mpaka atofautishe the na sini, dhali na ze, kila herufi ikatoka mahali pake mdomoni. Mpwa wangu alipoisoma ile karatasi Nairobi, nina hakika kwamba baadhi ya sauti alizitoa sawa kuliko aliyekuwa akimpima. Huo nao ni Uswahili, na mpimaji hakuusikia.

Watu wengi hudhani kwamba Waingereza wote husema kwa sauti moja, ile ya redio ya London. Si kweli hata kidogo. Mtu wa Glasgow, wa Liverpool, wa Newcastle na wa mashariki ya London wakikutana, kila mmoja atajua mwenziwe ametoka wapi kabla hajavuta kiti, na mara nyingi atakisia pia babake alikuwa akifanya kazi gani. Ile sauti iitwayo safi haikuteremshwa kutoka mbinguni. Ilikuwa sauti ya watoto wa wenye mali waliopelekwa katika shule za bweni za kusini. Daniel Jones alipochapisha kamusi yake ya matamshi mwaka 1917, sauti hiyo aliiita kwa jina la shule hizo hizo. Baadaye, mwaka 1926, ndipo akaibadilishia jina, ikawa "matamshi yaliyokubaliwa". Yaliyokubaliwa na nani? Muuza samaki wa Newcastle hakuulizwa.

BBC, iliyoanza mwaka 1922, ndiyo iliyoitia sauti hiyo masikioni mwa dunia, na mwaka 1926 iliunda kamati yake ya kuamua maneno yatamkwe vipi hewani. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, mwaka 1941, ilijaribu kumweka Wilfred Pickles, mzaliwa wa Halifax katika jimbo la Yorkshire, asome habari kwa lafudhi ya kwao kaskazini. Sababu moja iliyotajwa ni kwamba Wajerumani wangeona taabu kuiigiza. Malalamiko yalimiminika. Huyu alikuwa Mwingereza, anayesema Kiingereza, katika redio ya Uingereza, na wako waliomwona kama mgeni aliyeingia chumba cha kulala na viatu. Basi iwapo mtu wa Halifax yalimpata hayo, wa Kibokoni atasalimika vipi?

Hata hivyo kisa ambacho kimenifanya nilifikirie jambo hili upya hakitoki Uingereza. Kinatoka katika kisiwa kimoja cha Marekani kiitwacho Martha's Vineyard, karibu na pwani ya Massachusetts, na msomaji wangu wa Lamu namwomba asogee karibu asikilize.

Mwaka 1961 alifika huko William Labov, ambaye kabla ya kuwa mwanachuoni wa lugha alikuwa mkemia wa kutengeneza wino. Aliishi hadi Desemba 2024, na wengi humhesabu kuwa ndiye aliyeufungua mlango wa elimu hii ya lugha na jamii. Kisiwa kile kilikuwa na wenyeji wapatao 6,000, na kila majira ya joto kilivamiwa na wageni zaidi ya 40,000 waliokuja kupunga upepo. Uvuvi, uliokuwa kazi ya mababu, ulikuwa hauleti tena riziki ya kutosha. Wageni walikuwa wakinunua ardhi na nyumba nzuri nzuri zilizoelekea bahari, na wenyeji wakawa wanahudumia vyakula na kufagia nyumba ambazo jana zilikuwa zao. Mtu wa Lamu au wa Shela sina haja ya kumweleza zaidi.

Sasa, Labov aliona ajabu moja. Katika maneno kama lile la "nyumba" na lile la "mke", wenyeji walikuwa na namna yao ya zamani ya kuanza irabu, mdomo ukiwa umefunguka kidogo tu, tofauti na Wamarekani wa bara yao. Mtu angetazamia kwamba sauti hiyo ya kizamani itakuwa inakufa, wazee wanayo na vijana wameiacha. Aliwahoji watu 69, akapima na kuhesabu, na akakuta kinyume. Sauti ilikuwa inazidi nguvu. Waliokuwa nayo zaidi hawakuwa wazee vikongwe, bali watu wa miaka thelathini hadi arubaini na kitu, hasa wavuvi wa upande wa Chilmark, wale walioamua kwamba liwalo na liwe, wao hawahami. Vijana waliokuwa wakipanga kuondoka kwenda kutafuta maisha bara, vinywa vyao vilikuwa vimekwisha hama kabla ya miguu.

Mama mmoja wa kisiwani alimweleza kwamba mwanawe hakuwa akisema vile tangu zamani. Alianza aliporudi kutoka masomoni bara, akawa anasema kama wavuvi wa gatini. Kijana amesoma, amezunguka, ameisikia lugha ya wakubwa, kisha akarudi kwao akaikusanya sauti ya babu yake kutoka ufukweni akaivaa. Hakuna aliyemwamuru, na sidhani kama mwenyewe alijua anafanya hivyo.

Hilo ndilo lililonifungua macho. Nilikuwa nikidhani lafudhi ni kama kovu, mtu huwa nalo kwa sababu alijikwaa utotoni na hakupata dawa. Kumbe mara nyingine ni kama kofia. Mtu huivaa kwa sababu anataka aonapo watu wamjue ni wa wapi. Kofia ya vito tunaivaa sisi tukiwa tunajua vizuri sana kwamba zipo kofia nyingine.

Na tukisema kweli, Mpwani na Kiingereza wana historia yao ndefu ya kutazamana kwa jicho la pembeni. Shule za kwanza za Kiingereza pwani hii zilikuja na wamishonari. Krapf na Rebmann walianza Rabai mwaka 1846, na Freretown ikaanzishwa mwaka 1875. Wazee wetu walichelea kwamba mtoto akitumwa akalete alifabeti ya Kizungu atarudi amebadilishwa jina. Siwalaumu, palikuwa na sababu ya kuchelea. Lakini tulichelewa, na kuchelewa huko kulitugharimu kazi na vyeo. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa akiwahimiza Waislamu kwa kalamu yake katika gazeti la Al-Islah mwaka 1932, aliona mapema kwamba mtu anaweza kuichukua elimu ya Mzungu bila ya kuichukua nafsi yake.

Akajaaliwa mtoto, Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933 na kufariki mwaka 2014. Baba aliyasema, mwana akayatenda. Mwaka 1979 BBC hiyo hiyo iliyoshindwa kumstahamili mtu wa Halifax ilimpa kijana wa Mombasa mihadhara yake ya Reith, awahutubie Waingereza kwa lugha yao juu ya hali ya Afrika. Mwaka 1986 akaonekana katika filamu zake za televisheni juu ya urithi wa Afrika wa pande tatu. Aliyewahi kumsikiliza atakubaliana nami kwamba Kiingereza kile hakikuwa cha kuazima. Kilikuwa na mapozi ya khatibu wa Ijumaa, maneno yakipangwa mawili mawili kama vina vya shairi, na sauti ikipanda na kushuka kama ya mtu aliyekulia penye mashairi na mawaidha. Na yeye huyo, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya siasa ya Kiingereza katika Afrika, alijishughulisha na swali la nini kinampata Mwafrika ambaye Kiingereza kimegeuka kuwa lugha ya nyumbani kwake.

Wala si sisi peke yetu tuliofikiria hivyo. Ismail al-Faruqi, mzaliwa wa Jaffa, Palestina, aliyekuwa akisomesha Marekani hadi alipouawa mwaka 1986, alitoa rai kwamba Waislamu wanaoandika Kiingereza wayaingize maneno yao kama yalivyo, wasilazimishe sala iwe neno jingine ambalo maana yake haifiki. Leo ukimsikiliza Mwislamu wa Leicester, wa Chicago au wa Malindi akisema Kiingereza, utakuta inshallah na mashallah na alhamdulillahi zimekaa katika sentensi kama wenyeji. Watu hao hawajawahi kuonana, na lafudhi zao ziko mbali kama mashariki na magharibi. Lakini simu ikikatika na mmoja akasema inshallah kesho, mwenziwe amekwisha jua anazungumza na nani.

Hata kamusi kubwa ya Oxford imesalimu amri. Mwaka 2022 iliingiza fungu zima la maneno ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, mkiwemo nyama choma, daladala, na kitenzi chetu "sambaza", kwa maana ya kumtumia mwenzio salio la simu. Sijui Oxford wanakinyambuaje kitenzi hicho, na ningependa sana kuwaona wakijaribu.

Nikifika hapa nasikia msomaji mmoja akiniambia: Bwana, maneno yako ni matamu, lakini mtoto bado hana kazi. Ni kweli. Na mimi sitaki kukificha kichwa mchangani. Lafudhi ni kofia, lakini iko milango ambayo mwenye kofia fulani haruhusiwi kuingia, na wala hatakiwi kuambiwa kwa nini.

Yuko mwanachuoni Mmarekani mweusi aitwaye John Baugh. Alipokuwa akitafuta nyumba huko California, alikuwa akipiga simu kwa Kiingereza cha wasomi na kukaribishwa vizuri, kisha akifika mlangoni na kuonekana rangi yake, nyumba inakuwa na mwenyewe. Akajiuliza: je, ikiwa sauti yenyewe ndiyo yenye rangi? Baugh alikulia mahali ambapo alizisikia lafudhi tatu akazimudu zote, ya Wazungu, ya Wamarekani weusi na ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko. Basi yeye na wenziwe wawili walifanya jaribio, wakalichapisha mwaka 1999. Aliwapigia simu wenye nyumba za kupangisha, maneno ni yale yale, mtu ni yule yule, ila safari hii sauti hii na safari nyingine sauti nyingine. Katika mitaa wanakokaa Wazungu wengi, sauti ya kwanza ilipewa miadi ya kuja kuona nyumba mara nyingi zaidi kuliko zile mbili nyingine. Wakaonyesha pia kwamba msikilizaji haitaji sentensi nzima. "Helo" peke yake humtosha, mara nyingi, kukisia anayesema ni wa kabila gani.

Nilipolisoma jaribio hilo nilianza kuwalaani wale wenye nyumba wa California. Kisha nikanyamaza, kwa sababu nilikumbuka jambo langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na chumba cha kupangisha huko Kisauni. Akanipigia simu bwana mmoja. Alikuwa na adabu, akaniuliza kodi na maji. Lakini Kiswahili chake kilikuwa kile cha "hiyo chumba" na "ile mtu", na ra na la zikibadilishana mahali. Kabla hajamaliza nilikuwa nimekwisha jua kabila lake, nimekwisha mpa tabia, nimekwisha muona akifika usiku na kelele. Nikamwambia chumba kimekwisha chukuliwa. Akanishukuru. Chumba kikakaa kitupu miezi miwili.

Sasa nieleze, msomaji, pana tofauti gani kati yangu na yule kijana wa Nairobi aliyemrudisha mpwa wangu? Yeye alisikia Uswahili katika Kiingereza, mimi nikasikia ubara katika Kiswahili. Yeye angalau alimtazama mtu usoni.

Sisi Wapwani tuna maradhi haya na tunayaita ucheshi. Barazani, kahawa ikizunguka, hakuna kinachochekesha kama mtu wa bara anayejaribu Kiswahili. Tunamwigiza hata mbele yake. Mwalimu wa shule kutoka Machakos au Kisumu, aliyejifunza lugha yetu kwa juhudi akaja kuwasomesha watoto wetu kwayo, tunampa jina la utani kutokana na neno moja alilolipinda. Tena tunasahau kwamba sisi wenyewe tulikwisha onjeshwa dawa hiyo. Mwaka 1928, hapa hapa Mombasa, ilikaa mikutano ya wakubwa wa serikali za kikoloni wakaamua kwamba Kiswahili cha shule na vitabu kitajengwa juu ya Kiunguja, na mwaka 1930 kamati ya lugha ikaanza kazi. Kimvita, lahaja iliyobeba mashairi ya Muyaka, kikawa cha nyumbani. Wazee wangu walikwenda shule wakaambiwa kwamba lugha waliyozaliwa nayo, hiyo hiyo ya Kiswahili, ina makosa. Nimewasikia wakilalamikia jambo hilo hadi siku zao za mwisho. Aliyefanyiwa hivyo angetazamiwa kuwa wa kwanza kumhurumia mwenziwe.

Katika Sura ya Ar-Rum tunafundishwa kwamba kutafautiana kwa ndimi zetu na rangi zetu ni miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu. Tunaisoma kwa tajwidi nzuri, kisha tunatoka msikitini tukakae barazani tuzicheke hizo ishara moja moja.

Rai yangu mimi ni hii. Mwalimu wa Kiingereza asiache hata siku moja kurekebisha sarufi, tahajia na maana, na afundishe sauti zile ambazo zikikosewa mtu haeleweki. Meli isiwe kondoo, hasa katika mji huu. Lakini akifika hapo asimame. Asimwaibishe mtoto mbele ya wenziwe kwa sababu anasikika kama mamake. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alieleza jinsi watoto wa enzi zake walivyovishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani. Kibao hicho kimeondolewa shingoni kikatiwa sikioni, mtoto akahukumiwa kwa wimbo tu wa sauti yake. Na mwajiri anayesema kwamba wateja hawatapenda, namwomba awaulize hao wateja kama hawaelewi au hawapendi. Asiyeelewa ana haki ya kusaidiwa, ila asiyependa ana jambo lake jingine, na halihusu Kiingereza. Nafahamu kwamba kwa rai hii wako watakaoniambia biashara ni biashara. Wenye nyumba wa California nao, nadhani, walisema hivyo.

Kuhusu bibi harusi wetu wa Kimarekani, kama tulivyokuwa tukimtania, ile sauti ya mafua alichoka nayo mwenyewe. Alisema kwamba akiisema kwa dakika kumi anajihisi amevaa viatu vya mtu. Hakuiacha kabisa, anaweza kuitoa akitaka, na huitumia kuwachekesha wadogo zake. Nami sioni ubaya. Mwenye kofia tatu si msaliti wa kichwa chake, maadamu anajua ni ipi ya kwao.

Sasa amepata kazi katika ofisi ya kutoa mizigo, bandarini Kilindini. Huko Kiingereza ndicho chombo cha kazi kuliko pengine alikotaka kwenda. Meli moja huweza kuwa na nahodha Mhindi, mhandisi kutoka Ukraine na mabaharia Wafilipino, na wote sharti waelewane, maana wakikosa kuelewana chombo hugonga gati. Shirika la kimataifa la mambo ya bahari lilipitisha mwaka 2001 orodha ya sentensi za Kiingereza za kutumiwa na mabaharia, fupi na nyepesi, kila moja na maana yake moja. Orodha hiyo inahusu maneno, na kila baharia huyasema kwa ulimi wa kwao.

Juzi nilimuuliza kama kuna yeyote hapo anayemlalamikia Uswahili wake.

"La, mjomba," alinijibu. "Mfilipino ananielewa, Mhindi ananielewa, na Mchina tunaelewana kwa taabu kidogo lakini tunafika. Yuko mmoja tu anayetutoa jasho sote, kila akipiga simu tunasukumana nani aipokee."

"Wa wapi huyo?"

"Mwingereza, mjomba. Wa huko Newcastle."